Wapatanishi wa Kalunde

Filimbi haikulia.

Kalunde aliifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha mdomoni, akapuliza kwa nguvu zote alizojaliwa. Kilichotoka ni upepo mtupu, kama wa mtu anayepoza uji. Akajidanganya kwamba labda imeingia vumbi. Akaigonga kwenye kiganja, akapuliza tena, na safari hii kikohozi kikamkaba mpaka akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Filimbi yenyewe haikuwa ya ngoma. Kila aliyepandikizwa mapafu kwenye Kitalu, ile hospitali kubwa nje kidogo ya Tabora, alirudi nyumbani na ya kwake, na kila asubuhi kabla ya chai alipaswa kuipuliza. Sauti ilifika Kitalu muda uleule, kwenye mashine zilizojua pumzi ya kila mgonjwa kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Ikilia nene, mapafu ni mazima. Ikianza kukwaruza, unaitwa. Ya Kalunde ilianza kukwaruza tangu msimu wa pamba, naye akafanya kile ambacho waoga wote hufanya: akaacha kuipuliza, akatuma ujumbe Kitalu kwamba imevunjika na anasubiri nyingine.

Leo alipuliza kwa sababu mumewe, Mihayo, alisimama mlangoni na kukataa kwenda shamba.

"Mama Sizya," Mihayo alisema, "filimbi ni nzima. Mbovu ni wewe."

Siku nyingine Kalunde angemrudishia maneno mpaka akome. Lakini jibu refu lilihitaji pumzi, na pumzi siku hizo aliibania kama chumvi ya mwisho jikoni. Alikuwa ameacha kuimba, kisha akaacha kubishana, kisha akaacha kupanda ngazi ya kanisani, kila kimoja na kisingizio chake. Sasa visingizio vilikwisha. Aliogopa. Aliogopa hivyohivyo alivyoogopa miaka ile ya kinu cha kuchambua pamba, alipokuwa akilala ameketi kwa sababu mapafu yake ya kuzaliwa yalikuwa yamejaa nyuzi na vumbi.

"Nifungie nguo," alimwambia mumewe.

*

Daktari Nderingo alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kumficha mgonjwa jambo. Wagonjwa walimpenda kwa hilo na walimwogopa kwa hilo hilo. Alimlaza Kalunde, akamtia ganzi kooni, akapitisha kamera nyembamba puani hadi ndani kabisa, huku picha ikitokea ukutani.

"Mapafu ni kama nyumba, mama," alisema. "Ina mlango na ina vyumba. Tuanze na mlango."

Mlango ulikuwa pale mafundi wa Kitalu waliposhona njia ya hewa ya Kalunde na njia ya hewa ya mapafu mapya. Mwaka uliotangulia mshono ule ulianza kujifunga kwa kovu, wakamwekea bomba la wavu wa chuma ili ubaki wazi. Sasa ukutani Kalunde aliuona wavu wenyewe, na nyama nyekundu iliyochomoza katika matundu yake kama majani yanayopenya uzio. Palipobaki wazi pangeweza kupita penseli, si zaidi.

"Nitapanua kwa puto. Utahisi unazama. Huzami."

Puto likaingia, likajaa, likaziba kila kitu. Kalunde aliambiwa hazami, na akili yake ilisikia, lakini mwili wake haukusikia. Miguu ilipiga kitanda. Macho yalimtoka. Katika muda ule mfupi hakumkumbuka Mungu wala mtoto wake Sizya. Alichotaka ni hewa tu, angeipokonya hata kwa kichanga. Puto likanywea. Hewa ikaingia kwa mluzi, naye akalia kwa aibu.

Daktari alimwacha alie. Kisha akasema, "Mlango nimeufungua, ingawa utajifunga tena. Kinachonitisha ni vyumba."

Picha ikabadilika. Vijia vidogo vya ndani kabisa, vinavyopaswa kuwa laini na wazi, vilikuwa vimekakamaa kwa makovu, kimoja baada ya kingine. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, na hapa kila kovu lilikuwa dalili ya vita vinavyoendelea. Mwili wa Kalunde ulikuwa umeyatambua mapafu kuwa mgeni, na ulikuwa ukiyafukuza taratibu.

"Si ndiyo kazi ya wapatanishi?" Kalunde aliuliza kwa sauti ya kukwaruza. "Kuwazuia wasigombane?"

"Ndiyo kazi yao."

Hao wapatanishi ndio waliokipa Kitalu sifa. Zamani mgonjwa wa mapafu alimeza vidonge maisha yake yote ili kulaza kinga ya mwili, na kinga ikilala, kila maradhi yanaingia bila hodi. Kitalu kilifanya vingine. Kilichukua chembe chache kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, kikazifunza miezi mingi kuyajua mapafu mapya, kisha kikazirudisha mwilini. Zilizunguka humo zikiwaambia askari wa damu: huyu ni wetu, mwacheni. Na kwa kuwa mapafu yote ya Kitalu yalioteshwa kutoka mbegu moja, kazi ya wapatanishi ilikuwa moja kwa kila mtu.

"Nimewatafuta wako," Daktari alisema. "Sikumkuta hata mmoja. Nimekuta mizoga, ya aina mbili. Yako, na ya mtu mwingine." Akavuta kiti akaketi karibu. "Mama Kalunde, umewahi kuchanganya damu na mtu?"

Mkono wa Kalunde ulienda wenyewe chini ya titi la kushoto, palipokuwa na chale ndogo iliyopona zamani.

*

Siwatu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mvunja kokoto, mapafu yake yameliwa na vumbi la mawe. Walipopandikizwa mapafu Kitalu, walilazwa vitanda jirani. Asubuhi ya kwanza alipogundua kwamba Kalunde ni Mnyamwezi alipiga kofi kwa furaha ingawa hakuwa na pumzi ya kupigia hata kofi.

"Mtani wangu! Basi we ukifa hapa, maiti haitoki. Nitalala mlangoni mpaka nipewe jogoo."

"Ukitangulia wewe?"

"Mimi sitangulii popote bila kula."

Ndivyo walivyopona, kwa matusi. Muuguzi mmoja mgeni alitaka kuwatenganisha, akidhani wanagombana. Usiku wa maumivu walishikana mikono kati ya vitanda. Siku ya kuruhusiwa kurudi makwao Siwatu alisema utani hautoshi, watu waliokufa pamoja na kufufuka pamoja sharti wachanjiane. Kalunde akasema kuchanjiana ni mambo ya wanaume wa zamani. "Kwani sisi tuna maji humo ndani?" Siwatu akauliza.

Basi wakajifungia bafuni na wembe mpya na kipande cha ini la kuku kilichotoka jikoni kwa wagonjwa. Wakachanjana, wakagusisha jeraha kwa jeraha, kisha kila mmoja akala ini lenye damu ya mwenzake. Wakala kiapo kama Siwatu alivyosimuliwa na babu yake, ila maneno waliyabadili yafanane na safari yao: Nikikunyima pumzi, damu yako inisonge. Walicheka wakati wakiapa. Hakuna aliyewakataza, kwa kuwa watu wa Kitalu walikataza sigara, vumbi na nyama mbichi, lakini haikuwapitia akilini kwamba kuna watu watakaopendana kiasi cha kuchanganya damu.

"Wapatanishi wako na wake walipokutana, hawakutambuana," Daktari Nderingo alieleza baada ya kusimuliwa hayo yote. "Kwako walipigana mpaka wote wakaisha. Kwake walishinda wako. Ndio wanaomlinda mpaka leo. Filimbi yake inalia vizuri kuliko ya mgonjwa yeyote niliye naye."

Kalunde alikikumbuka kiapo. Nikikunyima pumzi, damu yako inisonge. Alijikagua moyoni kama mtu anayepapasa mifuko: alimnyima nini Siwatu? Hakuona kitu, na hilo halikumwondolea hofu hata kidogo.

"Tuwatengeneze wengine," Mihayo alidakia kutoka kwenye kona aliyosimama.

"Huchukua muda mrefu. Vyumba vitafungwa kabla." Daktari aliwatazama wote wawili. "Sheria ya Kitalu inasema wapatanishi ni mali ya aliyetengenezewa. Mama akidai kwa sauti yake, mwenzake ataitwa, damu yake itachujwa, na wote watarudi hapa. Makovu yaliyopo yatabaki, lakini mapya hayataongezeka. Utaishi."

"Na Siwatu?"

"Atakuwa kama ulivyo wewe leo. Pengine kwa haraka zaidi, maana mwili wake haukuzoea kupigana polepole."

"Nusu kwa nusu?"

"Nusu haishiki kwa yeyote. Wakipungua hivyo hutawanyika, nitawazika wawili. Kiasi kidogo kabisa, tone, hakimdhuru yeye, na kwako kingeweza kuota. Hakuna wa kupigana nao tena mwilini mwako. Lakini huota polepole, na sijui kama una muda huo. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Mihayo alipiga magoti kando ya kitanda. "Ni wako, mama Sizya. Huibi kwa mtu."

Kalunde aliomba apewe muda afikirie. Alipewa, lakini kifua chake hakikumpa. Alasiri ileile donge la makohozi lilikwama kwenye bomba la wavu. Alivuta hewa, haikuja. Akavuta tena, ukawa ukuta. Wauguzi walikimbia na mpira wa kunyonyea, chumba kikaanza kuwa cheusi pembeni, na donge lilipong'oka na hewa kupita, neno la kwanza alilosema lilisikika mpaka ujiani.

"Nadai! Waleteni! Wote, wote!"

Mashine ya ukutani ikaitikia kwamba dai limesajiliwa.

*

Siwatu alishuka kwenye treni ya Pwani akiwa na kapu la mihogo na machungwa, amenenepa, amevaa kitenge cha rangi za kuumiza macho. Wito ulimwambia tu kwamba anahitajika Kitalu. Aliingia chumbani akiongea tayari.

"Haya, yuko wapi huyo anayetaka kufa bila ruhusa yangu? We Mnyamwezi, nimesafiri na kuku wa kizungu kwenye behewa, nimenuka, na bado nakuta unapumua! Jogoo wangu nitampata lini?"

Kalunde alicheka na kicheko kikageuka kikohozi. Siwatu akaweka kapu chini, akamwinua, akamgonga mgongoni taratibu kama zamani, mkono wa moto na wenye nguvu. Kalunde alisikiliza kifua kilichomwegemea. Kilikwenda bila kelele, kirefu, kizuri. Akamwonea wivu mbaya, wivu wa kumchukia, na papo hapo akajichukia mwenyewe.

Desturi ilikuwa aliyeitwa aambiwe na watu wa Kitalu, akiwa tayari kwenye chumba cha mashine. Mihayo alimtazama mkewe kwa macho ya kusihi: nyamaza. Kalunde alitaka kunyamaza. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza.

"Mtani," alisema, "nimekudai."

Akamweleza yote, kwa vipande vipande vya maneno, akipumzika katikati. Siwatu alisikiliza akiwa ameshika chungwa. Kwanza alitabasamu, akidhani ni utani mpya. Kisha tabasamu likakaa usoni bila mwenyewe.

"Utanichukulia pumzi," alisema.

"Niliogopa."

"Na mimi je? Mimi siogopi?" Sauti yake ilipanda. "Nimerudi kucheza ngoma, Kalunde. Napanda kilima na ndoo kichwani. Sitaki kufa! Usinitazame hivyo, sitasema chukua. Siwezi kusema chukua!"

Chungwa likaanguka. Siwatu akatoka mbio.

Dirisha la Kalunde lilitazama getini. Alimwona akikatiza ua, kitenge kikipepea, akikimbia kama mtu ambaye hajawahi kuugua. Geti halikufunguka. Lilikuwa geti lenye macho, na lilimjua. Siwatu alilisukuma, akalipiga kwa ngumi, akamgeukia mlinzi.

"Limekataa, mama," sauti ya mlinzi ilisikika. "Linasema bado unasubiriwa ndani."

Daktari Nderingo alikuwa ameshafika mlangoni kwa Kalunde. Hakutoka kumfuata Siwatu. Alisimama tu, uso umemshuka.

"Nifanye nini, Daktari?"

"Hilo siwezi kulisema. Dai ni lako. Unaweza kulifuta, lakini likifutwa halirudi tena. Na lazima useme mwenyewe, sentensi nzima bila kukatika, ili mashine ijue umesema kwa akili timamu. Sema hivi: Nafuta dai langu kwa hiari yangu."

"Usiseme," Mihayo alinong'ona. "Mama Sizya, nakuomba. Yule si mtoto wako."

Kule nje Siwatu alikuwa ameacha kupiga geti. Alikuwa amechuchumaa, paji la uso kwenye chuma, mikono miwili kifuani, akikilinda kifua chake. Kalunde aliujua mkao ule. Ndio mkao aliokuwa nao yeye mwenyewe donge lilipomkaba.

Alivuta hewa. Iliingia ikilia mluzi.

"Nafuta dai langu kwa—" Ikakatika.

"Sauti haikukamilika," mashine ilisema.

Mihayo alishika uso kwa viganja. Kalunde angeweza kuacha pale. Hakuna ambaye angemlaumu, angesema alijaribu na pumzi ikamshinda. Wazo hilo lilikuwa tamu, na utamu wake ndio uliomtisha. Akashika kitanda, akasubiri, akavuta tena kwa subira, kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kilichokauka, mpaka kifua kikauma.

"Nafuta dai langu kwa hiari yangu."

Neno la mwisho halikuwa neno, lilikuwa mkwaruzo tu. Mashine ikaitikia kwamba dai limefutwa. Kisha geti likafunguka, na Siwatu akapita bila kugeuka nyuma.

*

Hofu iliyokuja baada ya hapo Kalunde hakuwa ameijua. Ile ya zamani ilikuwa na mlango wa kutokea, hii haikuwa nao. Alilala ubavu, akihesabu kila pumzi kuwa ni moja iliyopungua. Mihayo hakumsemesha. Lakini hakuondoka pia, na jua lilipoanza kuinama alimenya chungwa lililoanguka, akampa kipande.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Nilifika stesheni," Siwatu alisema. Alikuwa amevimba macho. "Tiketi nikakata. Treni ikaja, nikaweka mguu ndani."

Akaingia, akaufunga mlango nyuma yake.

"Nikawaza, huyu Mnyamwezi akifa mimi ndiye wa kuzuia jeneza. Ndiyo haki yangu. Sasa nitalizuiaje jeneza la mtu niliyemkimbia? Wenzangu watanicheka." Akajipangusa pua kwa kitenge. "Wote sikupi, usijisumbue kuomba. Mimi si malaika. Lakini mlinzi kaniambia umefuta dai, nawe mwenyewe uliniambia Daktari alitaja tone."

Daktari Nderingo aliitwa. Akasikiliza, akafikiri, akasema tone la hiari halimo kwenye sheria wala halikukatazwa, na kwamba sindano yake ni safi kuliko wembe wowote. Siwatu akakubali sindano. Lakini ini alilinunua stesheni, limechomwa, limefungwa kwenye karatasi, na hilo hakukubali lirudi lilikotoka.

Damu ikatoka kwa Siwatu, kidogo, ikaingia kwa Kalunde. Walikula ini wakitazamana. Safari hii hawakucheka.

"Nikikunyima pumzi," Siwatu alisema, "damu yako inisonge."

Kalunde alikirudia kiapo kwa vipande vitatu, akipumzika katikati.

Alfajiri ilimkuta Siwatu amelala kwa kuketi, miguu kwenye kapu la mihogo. Ilikuwa saa ya filimbi. Alitoa yake pindoni, akapuliza, na sauti ikajaa chumba kizima, nene na safi, ikatoka nje mpaka uani. Kalunde alifumba macho. Wale walioilinda sauti ile walikuwa wa kwake.

"Haya na wewe," Siwatu alisema.

"Haitalia. Naogopa kusikia."

"Najua. Puliza."

Kalunde aliiweka mdomoni. Akapuliza, ukatoka upepo mtupu.

Siwatu alivuta kiti karibu zaidi na kitanda, akakiegemeza ukutani kama mtu anayetaka kukaa siku nyingi.

"Na kesho tena," alisema.